Popo Si Mshukiwa

Hebu tuanze na vitenzi. Mtu akija jioni na wavu mwembamba, akamnasa popo, akampangusa mdomo kwa kijiti cha pamba, akampima uzito, kisha akamwachilia aende zake, tuseme amefanya nini? Amemfuatilia? Amemchunguza? Amempeleleza? Kwa Kiswahili kila kitenzi kinakuja na hadithi yake. Kufuatilia ni kazi ya nesi na kadi ya kliniki. Kuchunguza ni kazi ya daktari, lakini pia ya polisi. Kupeleleza, hapo tayari kuna jalada, kuna mshukiwa, na mtu fulani anatafuta pingu.

Mimi ni msomaji wa fasihi, si mtu wa maabara. Lakini maandishi kuhusu popo na virusi ni maandishi kama mengine. Yana msimulizi, yana wahusika, yana mwanzo na mwisho, na yana watu walioachwa nje ya ukurasa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiyasoma: kitabu maarufu, makala za sayansi, vichwa vya habari, hata filamu. Nimeyasoma nikiwa na pahali pamoja akilini, Mukumu, hapo Kakamega kwenye barabara ya kwenda Kisumu, ambako nina senje na ambako popo ni majirani.

Hoja yangu ni hii. Kazi ya kufuatilia virusi vya korona kwa popo wa mwituni ni kazi ya daftari. Unahesabu, unaandika, unarudi msimu ujao. Sisi tunaisimulia kama hadithi ya upelelezi. Na ukishampa popo nafasi ya mshukiwa, msomaji atataka hukumu. Hukumu yenyewe huja na panga na moto.

*

Kitabu kinachojulikana zaidi katika utanzu huu ni The Hot Zone cha Richard Preston, kilichotoka 1994. Kinaanzia kwetu, magharibi mwa Kenya. Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika kampuni ya sukari, ambaye Preston anampa jina la bandia la Charles Monet, anatembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, mwanzoni mwa 1980. Siku chache baadaye anaugua, anapanda ndege kwenda Nairobi, anafariki. Ugonjwa ni Marburg. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, anaambukizwa na anapona. Mwaka wa 1987 mvulana aliyetembelea pango hilo hilo anakufa kwa ugonjwa huo huo. Mwishoni Preston mwenyewe anaingia Kitum akiwa amevaa suti ya kujikinga kutoka utosini hadi unyayoni.

Manze, kinasomeka. Nilikimaliza kwa siku mbili. Preston anajua kujenga hofu kwa vitu vidogo: ndege ndogo, kiti chembamba, mfuko wa kutapikia unaojaa. Kuna wataalamu waliolalamika kwamba alitia chumvi kwenye dalili, hadi ukadhani mwili wa mgonjwa unayeyuka kama mshumaa. Lalamiko langu mimi ni la kifasihi. Pango linatokea mwanzo na mwisho, na mara zote mbili ni mdomo wa jini. Watu wa Elgon, ambao mababu zao waliishi ndani ya mapango hayo na kulaza ng'ombe humo, wako wapi? Wanapita kama vivuli. Hadithi yenyewe, ile yenye watu wanaobishana na kuamua, inaendelea Reston, Virginia, ambako mwaka wa 1989 nyani wa utafiti walikuwa wakifa. Elgon imepewa kazi ya kuogofya, Virginia ikapewa kazi ya kufikiri.

Preston alipoandika, hakuna aliyejua kwa hakika kirusi cha Marburg kinaishi kwa mnyama gani. Jibu lilikuja baadaye. Mwaka wa 2009 watafiti walitangaza kwamba wamekipata kikiwa hai kwa popo wa matunda wanaolala katika mgodi wa Kitaka, Uganda. Mwaka uliofuata ikachapishwa taarifa ya popo mmoja wa Kitum mwenyewe, aliyenaswa 2007, akiwa na alama zake. Basi hadithi ya upelelezi ikawa imepata mtu wake. Na tangu hapo, kila anayeandika kuhusu popo wa Afrika Mashariki anaandika kana kwamba anaongeza ukurasa kwenye jalada lile lile, hata kama virusi anavyovizungumzia ni vya ukoo mwingine kabisa.

*

Sasa soma maandishi ya aina nyingine. Ni makala fupi iliyotoka 2009 katika jarida la Emerging Infectious Diseases. Mwandishi wa kwanza ni Suxiang Tong wa CDC, Marekani, na miongoni mwa wenzake yumo Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Walikusanya sampuli nchini Kenya 2006. Kati ya sampuli 221 za kinyesi cha popo, 41 zilikuwa na alama za virusi vya korona, karibu moja katika kila tano. Ilikuwa mara ya kwanza virusi hivi kuonekana kwa popo wa bara la Afrika. Baadhi vilikuwa vya ukoo wa SARS, ule ugonjwa uliotisha dunia 2003. Kingine kilitoka kwa Eidolon helvum, popo mkubwa wa matunda mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu. Huyo watu wa magharibi wanamjua. Ndiye anayening'inia kwenye blugamu kwa mamia, akipiga kelele mchana kutwa kama darasa lisilo na mwalimu.

Hapa hakuna jini. Kuna majedwali, na kuna mchoro mmoja ambao ningependa kila mwanafunzi wa fasihi auone: mti wa ukoo. Virusi vimepangwa kwa matawi, nani ni ndugu wa nani, nani alitengana na nani. Huo ni utanzu tunaoufahamu tangu zamani. Ni nasaba. Na nasaba haitafuti mwenye hatia. Inauliza tu mtu ametoka wapi na amehusiana vipi na wengine. Kile kirusi cha popo wa blugamu, kwa mfano, kiko kwenye tawi tofauti na lile la SARS na UVIKO-19. Ni jamaa wa mbali, wa aina ile unayekutana naye matangani na kuulizwa, "Kwani humjui?"

Kuna mwendelezo pia. Mwaka wa 2017 kundi lilo hilo la CDC lilichapisha matokeo ya sampuli zilizokusanywa Kenya kati ya 2007 na 2010. Walichokipata kinafaa kusomwa polepole. Ndani ya popo wa Kenya mlikuwa na jamaa wa karibu wa virusi viwili vya korona vya binadamu, NL63 na 229E. Unavijua hivyo? Unavijua vizuri sana. Ni kati ya vile vinavyotuletea mafua ya kawaida, ya kupiga chafya kwenye matatu na kuambiwa ukanywe dawa ya tangawizi. Kwa hiyo si habari ya kwamba virusi vya ukoo wa popo vitatufikia siku moja. Vilishatufikia, tukavizoea, tukaviita mafua.

Ukisema hivyo kwa mtindo wa nasaba, ni jambo la kushangaza na kufikirisha. Ukilisema kwa mtindo wa upelelezi, ni uvamizi.

*

Hapo ndipo lugha yetu inapoingia matatani. Kabla ya Machi 2020, neno korona kwa Wakenya wengi lilikuwa labda jina la gari la Toyota. Kisha likawa ugonjwa, na likawa ugonjwa mmoja tu. "Korona ilimchukua mzee." "Wakati wa korona." Wataalamu walituletea UVIKO-19, neno zuri lililofinyangwa kwa makini, lakini mtaani likabaki la kwenye mabango. Sasa mwandishi wa habari akitaka kusema kwamba virusi vya korona, ukoo mkubwa wenye matawi mengi na tabia tofauti tofauti, vimeonekana kwa popo wa Kenya, anaandika nini? Anaandika "Popo wa Kenya wana korona." Kila neno ni la Kiswahili na sentensi nzima ni ya uongo.

Ni kama kusoma kwamba kuna paka mwituni, ukapiga mayowe kwamba simba ameingia jikoni. Wote ni wa jamii moja, sawa. Lakini ukoo si mtu.

Na neno "wamepatikana" pia lina mzigo wake. Kwa Kiswahili cha Kenya mtu "hupatikana na" bangi, "hupatikana na" hatia. Popo aliyepatikana na virusi anasikika kama ameshasimama kizimbani. Ilhali mara nyingi kilichopatikana ni kipande cha maandishi ya kijeni kwenye kinyesi. Hakikuonyeshwa kuwa kirusi hai, wala hakikuonyeshwa kuwa kinaweza kumwingia binadamu. Popo mwenyewe kwa kawaida haonekani mgonjwa.

Sitaki kudanganya kwa upande mwingine. Kuna mwelekeo, hasa kwa sisi tunaopenda viumbe, wa kufanya kila tahadhari ionekane kama chuki ya wazungu kwa mapango yetu. Haifai. Kuna kirusi kinachoitwa BtKY72, kilichotoka kwa popo wa Kenya mwenye pua ya umbo la kwato ya farasi, wa ule ukoo wa SARS hasa. Mwaka wa 2022 utafiti katika jarida la Nature ulionyesha kwamba protini yake, ikibadilishwa pahali pawili tu, inaweza kushika mlango ule ule wa seli za binadamu unaotumiwa na kirusi cha UVIKO-19. Pawili tu, bana. Hiyo si hekaya. Ndiyo sababu kazi hii lazima ifanywe, na ifanywe tena na tena. Ninachouliza ni isimuliwe namna gani, na isimuliwe kwa nani.

*

Senje wangu anaishi kati ya soko la Khayega na misheni ya Mukumu. Si mbali na hapo kuna blugamu ambazo popo huja, wakakaa kwa majuma, wakatoweka, wakarudi. Anasema miaka iliyopita watu fulani walikuja, wakatandika nailoni kubwa chini ya miti alfajiri, wakakusanya kilichodondoka, wakafunga vichupa vyao ndani ya boksi lenye baridi, wakashukuru, wakaenda. Walikuwa na adabu, anasema. Mmoja alimsalimia kwa Kiisukha. Nikamuuliza aliwaza nini.

"Niliwaza watarudi kutuambia walipata nini," akasema. "Mwana wanje, mtu akija kwako akachukua kitu, hata kama ni mavi, si anarudi kusema?"

Nimesoma tahakiki nyingi za makala za sayansi na sijakutana na iliyo fupi hivyo na kali hivyo. Msomaji wa kwanza wa maandishi haya alipaswa kuwa yeye, kwa sababu ndiye anayefagia chini ya mti. Lakini maandishi yanaandikwa kwa Kiingereza, yanasomwa Atlanta na Nairobi, kisha yanamrudia senje kupitia redio yakiwa yameshageuka kuwa "popo wana korona". Kati ya nailoni ile na redio ile kuna kurasa nzima ambazo hakuna aliyeziandika.

Na Mukumu ina sababu yake ya kujali jinsi ugonjwa unavyosimuliwa. Aprili 2023 shule ya wasichana ya hapo, Sacred Heart Mukumu, ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua. Wasichana kadhaa na mwalimu mmoja walifariki. Kumbuka vichwa vya habari vya wiki ile: "ugonjwa wa ajabu", "ugonjwa usiojulikana". Upelelezi tena. Mtandaoni kila mtu akawa na mshukiwa wake. Kisha Wizara ya Afya ikaeleza vipimo vimeonyesha nini: E. koli na salmonela, bakteria wanaosafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hakukuwa na chochote cha ajabu. Ilikuwa hadithi ya zamani kabisa, ya maji.

Siitaji misiba ile ili kupima kifo kimoja dhidi ya kingine. Naitaja kwa sababu inaonyesha utanzu unaweza kufanya nini kwa macho ya watu. Hadithi ya upelelezi inatufundisha kutafuta kisichojulikana, kigeni, chenye mabawa. Inatuzoesha kutazama juu kwenye matawi. Kisima na sufuria haviwi wahusika wazuri katika hadithi hiyo, kwa hiyo havipati mwandishi hadi mazishi yaanze.

*

Mtu anaweza kusema, sawa, ni maneno tu. Popo haumii kwa kuitwa mshukiwa. Basi turudi Kitaka, Uganda. Baada ya wachimba migodi kuugua Marburg 2007, watu waliamua kumaliza popo wa mgodi ule. Waliwaua kwa maelfu na kuziba njia zao. Kwa mantiki ya upelelezi, kesi imefungwa. Mwaka wa 2012 Marburg ikazuka tena katika eneo hilo. Watafiti walipopima popo waliokuwa wamerudi mgodini, asilimia 13.3 walikuwa na kirusi, ilhali kabla ya mauaji ilikuwa karibu asilimia 5.1. Uwezekano mmoja unaelezeka hata bila shahada: ukifuta kundi, nafasi inajazwa na popo wageni ambao hawana kinga, na kirusi kinapata nyumba mpya. Hukumu ilitekelezwa, na hatari ikaongezeka zaidi ya maradufu.

Tusijifanye pia kwamba hofu hii imetoka ng'ambo peke yake. Pwani tuna Popobawa, jini mwenye jina la popo na bawa, ambaye mwaka wa 1995 aliwafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje kwa makundi. Katika taharuki ile mtu asiye na hatia aliuawa na umati uliodhani ndiye. Kumpa popo sura ya adui ni mchezo tunaoujua, na umeshamwaga damu ambayo si ya popo.

*

Kwa hiyo ni maandishi gani yanafaa? Nitataja matatu, ya aina tofauti kabisa.

La kwanza ni filamu ya Contagion, ya Steven Soderbergh, ya 2011. Ni ya Hollywood na ina makosa yake, lakini mwisho wake ni wa akili. Baada ya saa nzima na nusu ya kutafuta chanzo, filamu inatuonyesha siku ya kwanza: tingatinga linaangusha miti, popo anakimbia, anadondosha kipande cha ndizi kwenye banda la nguruwe, nguruwe anaenda jikoni. Popo yumo, lakini tingatinga limetangulia. Soderbergh amechukua hadithi ya upelelezi na kuikatalia hukumu rahisi.

La pili ni makala ya Paul Webala na wenzake, ya 2014, kuhusu popo hawa hawa wa rangi ya majani makavu magharibi mwa Kenya: wanalala wapi, wanachagua miti gani, wanakula nini. Soma jina lake peke yake. Linaanza na popo na linamalizia na haja ya kuendelea kuelimisha umma. Kwa makala ya kisayansi, kumweka jirani wa popo kwenye jina ni uamuzi wa kisimulizi. Popo huyu anasafiri mbali na anabeba mbegu tumboni. Mvule ni mmoja wa miti anayoipanda. Kwa wanaoishi pembeni mwa msitu wa Kakamega, unaoliwa kila upande, hiyo si habari ndogo.

La tatu linatoka tena Uganda, katika pango la Python, kwenye mbuga ya Queen Elizabeth. Brian Amman na wenzake walirudi pale mara kwa mara, 2008 na 2009, na matokeo yakatoka 2012. Kwa sababu walirudi, waliona kitu ambacho ziara moja haiwezi kuonyesha: maambukizi ya Marburg hupanda mara mbili kwa mwaka, kwenye misimu ya kuzaa, hasa miongoni mwa popo wachanga wa kama miezi sita. Na visa vya binadamu vilivyojulikana vilikuwa vimeangukia zaidi nyakati hizo hizo. Huo ndio ushindi wa daftari. Linakupa kalenda, na kalenda mtu anaweza kuishi nayo. Miezi hii usiingie pangoni. Matunda yaliyotafunwa usiyale. Funika maji. Popo akidondoka usimshike kwa mkono mtupu, na mtoto umkanye.

Hebu fikiria kalenda kama hiyo ya blugamu za Mukumu, ya virusi vya korona, kwa Kiswahili na Kiisukha, imebandikwa kwenye duka la Khayega karibu na tangazo la mchezo wa fahali. Mwezi gani popo wanafika, mwezi gani wanazaa, sampuli ngapi zilichukuliwa, ngapi zilikuwa na alama, za tawi gani la ukoo, na hiyo ina maana gani kwa anayefagia. Haitauzwa Hollywood. Lakini itakuwa na kitu ambacho The Hot Zone haina: msomaji anayeishi ndani ya hadithi, na anayeweza kumsahihisha mwandishi.

Nitaendelea kusoma vitabu vya pango na jini, navipenda. Lakini nikipewa maandishi mapya kuhusu popo na virusi vya Afrika Mashariki niyahakiki, swali la kwanza nitakaloyauliza ni la senje. Mlichukua. Mlipata nini, na mlirudi kumwambia nani?